Kuufuata mkongo: kutoka Unguja hadi Nairobi

Jumatatu, 16 Juni 2025. Unguja

Kusi imechachamaa. Boti ya asubuhi kutoka Dar ilipanda na kushuka njia nzima, na abiria wengi tulishuka bandarini Malindi tukiwa hoi. Niko na mhandisi wetu wa mitandao, binti ambaye mawimbi hayamtishi hata kidogo, na ndiye aliyebeba begi la vifaa.

Mimi ni mkurugenzi wa teknolojia katika kampuni ya malipo ya simu, Dar es Salaam. Bodi imenitaka niandike mpango wa ustahimilivu wa miaka mitatu: tutafanyaje siku tukitengwa na dunia. Mipango ya namna hiyo mara nyingi huandikwa ofisini, kwa kunakili ya mwaka jana na kubadilisha tarehe. Nimeomba ruhusa nizione njia zetu za intaneti kwa macho kwanza, kuanzia kisiwani mpaka Nairobi. Na safari yenyewe imeangukia kwenye vita. Tangu Ijumaa Israel na Iran zinapigana, na kila simu niliyopokea leo kutoka kwa wenzetu walioko Dubai imeanza na habari hiyo kabla ya salamu.

Tumeanzia Unguja kwa sababu mkongo wa kwanza wa baharini katika pwani hii ulitua hapa, mwaka 1879. Nao uliletwa na vita. Januari 22 mwaka huo Wazulu waliliangamiza jeshi la Waingereza pale Isandlwana, na habari ikafika London tarehe 11 Februari, karibu wiki tatu baadaye, kwa kuwa Afrika ya Kusini haikuwa na waya wa telegrafu wa kwenda Ulaya. Kabla mwaka haujaisha waya ulikuwa umekwisha kulazwa baharini kutoka Aden hadi Zanzibar, ukashuka Msumbiji, ukapita Delagoa, yaani Maputo ya leo, mpaka Durban. Jengo la zamani la simu za ng'ambo bado lipo Shangani, siku hizi ni hoteli. Tulisimama mbele yake, mhandisi akachora ramani kwenye daftari, mimi nikamtajia vituo kimoja kimoja.

Alipomaliza kuchora alinyamaza, kisha akasema, "Kaka, hii si ndiyo njia yetu?"

Ndiyo yenyewe. SEACOM iliyowashwa Julai 2009 na EASSy ya 2010, mikongo ya intaneti ya pwani hii, zinafuata ukanda uleule uliochaguliwa na watu waliokuwa na haraka ya kusikia habari za vita vya Wazulu. Na mwaka jana zilikatika kwenye ncha zilezile mbili: Februari 24, SEACOM katika Bahari ya Shamu, upande wa kule Aden, Mei 12, zote mbili, kaskazini mwa Durban. Miaka 145 ya teknolojia, toka nukta na mistari ya telegrafu mpaka mwanga ndani ya kioo, na bado tunategemea milango miwili.

Alasiri nilikwenda Mkunazini kumsalimu shangazi. Nilitaka anihadithie ule mwaka wa giza. Tarehe 10 Desemba 2009 waya wa umeme unaotoka Ras Kiromoni, bara, hadi Ras Fumba uliharibika, na Unguja ikakaa bila umeme mpaka Machi 2010. Waya huo ulikuwa umelazwa mwaka 1980, na mwaka 2008 ulikuwa umekwisha kuleta giza la karibu mwezi mzima, kwa hiyo onyo lilikuwapo. Waya mwingine, wa megawati 100, ulikuja kuzinduliwa 2013.

"Mlikaaje, shangazi?"

"Tulikaa, mwanangu. Giza halikutuuma, giza tumezaliwa nalo. Maji! Pampu zote za umeme. Kisima cha babu yako kilikuwa kimezibwa kwa zege, pale juu tumeweka vyungu vya maua. Wakaja vijana wakalivunja lile zege, na majirani wote wakachota hapo mpaka umeme uliporudi."

Akanipeleka uani nikakione. Mdomo wa kisima una kovu la nyundo mpaka leo, na hawajakiziba tena. Kina kifuniko cha mbao chenye kishikio.

Nimerudi hotelini na neno moja juu ya ukurasa: pampu. Kila mtu Unguja alijua umeme ukikatika taa zitazimika. Wachache walijua kwamba na maji yangekatika.

Jumanne, 17 Juni. Dar es Salaam

Nimeshinda ofisini nikisoma kumbukumbu za Mei 12, 2024.

Ilikuwa Jumapili. SEACOM ilikuwa haijapona upande wa Bahari ya Shamu, halafu kusini ikakatika pamoja na EASSy. Tanzania ilibaki inapumulia njia nyembamba. Ubalozi wa Marekani hapa Dar ulifunga milango kwa umma siku mbili kwa sababu ya mtandao. Msumbiji, Malawi na Rwanda nazo ziliumia. Kenya ilipepesuka ikasimama, kwa kuwa ina mkongo mwingine, TEAMS, unaokwenda moja kwa moja Fujairah.

Seva zetu ziko Dar. Siku ile zilikuwa zima kabisa, taa zote za kijani, na Mkongo wa Taifa ulikuwa unafanya kazi toka Mtwara mpaka Kagera. Lakini mteja wa Tandika aliyetaka kumlipa mwenye duka wa mtaa huohuo alikuwa anatazama kiduara kinazunguka kwenye kioo cha simu. Kabla ya kupitisha muamala, mfumo huuliza kwanza kampuni moja ya nje inayokagua ulaghai, nayo seva zake ziko Ulaya. Swali liliondoka, jibu halikurudi. Hapo ndipo pampu yetu ilipo, na ndiyo maana nimekwenda kukitazama kisima.

Mhandisi ana kipande cha mkongo ambacho fundi mmoja wa meli alimpa. Amekikata kwa mshazari ili matabaka yaonekane. Cha kilindini ni chembamba kama mpira wa kumwagilia bustani: nje plastiki nyeusi, ndani nyaya za chuma zilizosokotwa, kisha mrija wa shaba unaopitisha umeme wa kuvipa nguvu vikuza-mwanga huko chini, kisha mafuta mazito, na katikati kabisa nyuzi za kioo, kila moja kama unywele. Nilizihesabu kwa ncha ya kalamu zikanipotea. Cha ufukweni kimeongezewa deraya ya chuma mara mbili na hukiinui kwa mkono mmoja. Tofauti hiyo inaeleza hatari iko wapi. Dunia nzima hupata hitilafu za mikongo kati ya 150 na 200 kwa mwaka, na nyingi zinatokana na nanga na nyavu karibu na pwani. Papa na majasusi wanasimuliwa zaidi, nanga ndiyo inayokata.

Lakini zipo siku ambazo mtu hukata kwa makusudi, na mji huu unalijua hilo. Agosti 5, 1914, saa chache baada ya Uingereza kutangaza vita, meli yake Alert ilikwenda kukata mikongo ya Ujerumani katika Mlango wa Uingereza. Siku tatu baadaye manowari Astraea ilikuwa mbele ya bandari yetu, ikaipiga mizinga Dar es Salaam ikilenga kituo cha redio. Risasi za kwanza za vita ile katika pwani hii zilifyatuliwa kwa ajili ya mawasiliano. Huwaambia vijana wetu wa programu jambo hili mara kwa mara, kwa sababu wengi wameingia kazini wakiamini siasa za dunia ni habari ya saa mbili usiku, haiwahusu wao na misimbo yao.

Leo, kwa mfano: meli mbili za mafuta, Front Eagle na Adalynn, zimegongana karibu na Khor Fakkan, katika eneo ambalo mawimbi ya GPS yamekuwa yakivurugwa tangu vita vianze. Khor Fakkan iko jirani kabisa na Fujairah. TEAMS inaanzia hapo.

Jumatano, 18 Juni. Tanga

Njia ya Bagamoyo, Msata, Mkata, Segera. Barabara nzuri, hakuna la kusimulia mpaka Muheza, ambako machungwa yameanza kufurika barabarani. Mama mmoja alitujazia ndoo nzima. Kibao cha lipa namba kimening'inizwa kwenye mti wa kibanda kwa kamba ya katani. Nililipa, akapokea ujumbe, akaangalia jina, akaitikia kwa kichwa. Muda wote huo haukufika nusu dakika. Mama huyu hauzi tena kwa fedha taslimu kwa wasafiri wengi, chenji hana. Akikosa mtandao siku mbili, machungwa yanaoza.

Jioni, Raskazone, mhandisi alifungua kompyuta akaanza kufuatilia njia za pakiti, yaani vipande vidogo vya data. Alichagua tovuti za Tanga tu: shule, hoteli, chama cha ushirika. Ya shule ilitoka hapa ikaenda Dar, ikaingia baharini, ikaibukia Marseille, ikapanda Frankfurt, ikarudi njia ileile. Milisekunde 150 na ushei. Kutoka chumba chetu hadi shule hiyo unatembea kwa miguu, na mlango wake unauona ukisimama kwenye kona ya barabara. Alipojaribu mfumo wetu wenyewe ulioko Dar, jibu lilirudi chini ya milisekunde 10.

Simlaumu mwalimu aliyenunua nafasi kwenye seva ya Ujerumani. Ni rahisi, inalipwa kwa kadi, na haizimiki ovyo. Wala sisemi kila kitu kirudi nyumbani. Picha za harusi zikae Frankfurt, hakuna neno. Ninachosema ni kwamba matokeo ya mtihani, rekodi ya dawa ya mgonjwa, na shilingi elfu tatu za machungwa ni mambo ya hapa, na jambo la hapa liweze kuishia hapa siku bahari ikifungwa. Mwanga ndani ya kioo hukimbia kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo umbali hatuuhisi. Kutouhisi ndiko kumetufanya tusahau kuwa upo.

Simu imeingia saa nne usiku kutoka kwa rafiki wa Dubai. Kundi la wadukuzi linalojiita Predatory Sparrow limedai kuwa jana liliharibu data ya Benki ya Sepah ya Iran. Na serikali ya Iran yenyewe leo imezima intaneti ya nchi karibu yote. Nimekaa kitandani nikiwaza meneja wa teknolojia wa benki ile. Simjui, na siasa za serikali yake si zangu, lakini kuna wastaafu asubuhi wamesimama mbele ya mashine ya fedha, na yeye anatafuta nakala rudufu ipi imepona. Kazi yetu ni moja.

Alhamisi, 19 Juni. Mombasa

Horohoro tulipita haraka. Kituo ni kimoja sasa, unagonga muhuri wa kutoka na wa kuingia chini ya paa moja. Ng'ambo ya mpaka, Lunga Lunga, ujumbe wa simu ukanikaribisha Kenya wakati gari halijasogea mita mia. Likoni kivuko kilikuwa kimefurika kama kawaida yake, wachukuzi wa mikokoteni wakipiga mayowe, "Njia! Njia!"

Kabla ya magharibi nilikwenda Ngome Kongwe ya Mombasa, Fort Jesus. Nilikuwa nataka kuona mahali Wareno walipozingirwa na Waomani kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Kuta zimesimama, kisima kipo, mizinga ipo. Hakuna ukuta uliowaangusha. Mpango wao wa ustahimilivu ulikuwa meli kutoka Goa. Maradhi yaliwamaliza watu wakingoja, na meli za msaada zilipofika mara ya mwisho, siku chache baada ya ngome kuanguka, zilikuta bendera ya Oman inapepea juu. Ninayo mikataba mingi kwenye kabati langu ambayo, ukiisoma vizuri, inasema tu kwamba meli itatoka Goa.

Ijumaa, 20 Juni. Nyali, kisha garini

Asubuhi na mapema tulikuwa ufukweni Nyali. LION2 iliyotoka Mayotte imetua huku, na DARE1 ya Djibouti pia. Hakuna cha kutazama. Mchanga, mikindu, vijana wanakimbia, mfuniko wa zege kwenye nyasi ambao hakuna anayeugeukia. Mikongo ya Mombasa peke yake inabeba riziki za watu mpaka Kampala na Juba, na hakuna hata mlinzi mwenye rungu. Binafsi naona ni afadhali hivyo. Kilichofichika kwenye mchanga hakimvutii mtu.

Mvuvi mmoja mzee alikuwa anakunja jarife. Tulimwamkia, nikamuuliza kama anajua kilichopo chini.

"Najua sana. Walikuja wakatwambia msitie nanga kutoka pale hadi pale. Sisi hatutii. Lakini nanga ya dau itakata nini, mwanangu? Waambieni wenye meli."

Ana haki. Februari 2012 meli iliyokuwa inasubiri kuingia bandarini Mombasa ilitia nanga mahali palipokatazwa ikaukata mkongo wa TEAMS. Siku chache kabla, mikongo mitatu, EASSy ikiwa mmojawapo, ilikuwa imekatika Bahari ya Shamu, na mawasiliano mengi yalikuwa yamehamishiwa TEAMS. Yaani mchezo wa 2024 ulikuwa umekwisha kuchezwa miaka kumi na miwili kabla, pande mbili, wiki mbili. Tuliujua. Eneo zima lilijua. Na jibu letu lilikuwa kuongeza mikongo.

Sipingi mikongo. 2Africa, wenye urefu wa kilomita 45,000 kulizunguka bara zima, uliletwa ufukweni Dar mwaka 2023, na nitaushangilia ukianza kazi. Lakini karibu kila njia ya kwenda Ulaya kutoka hapa ama inapita Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, na Misri, ama inazunguka Rasi ya Tumaini Jema. Hata TEAMS, ikishafika Fujairah, data yake nyingi ya Ulaya hugeuka ikaingia Bahari ya Shamu. Mikongo kumi katika mlango mmoja inakulinda dhidi ya nanga moja. Haikulindi dhidi ya mwenye mlango.

Tazama Rubymar. Februari 18, 2024 Wahouthi wa Yemen waliipiga kwa kombora meli hii ya mizigo iliyojaa mbolea. Mabaharia wakaikimbia, nanga ikiwa imeteremshwa. Meli ikasukumwa na maji siku kwa siku huku nanga inaburuta chini, na tarehe 24 mikongo mitatu ikakatika: SEACOM, EIG na AAE-1. Machi 2 meli ikazama. Katika hali ya amani, ukarabati ni kazi inayojulikana: unapiga mwanga kutoka nchi kavu, unapima muda unaorudi, unajua mkongo umekatika kilomita ya ngapi, meli inakwenda, inashusha ndoano, inainua ncha mbili, mafundi wanaunganisha uzi mmoja baada ya mwingine. Huku kwetu meli tunayoitazamia mara nyingi ni Léon Thévenin, makao yake Cape Town. Lakini Yemen ina serikali mbili, moja Aden na nyingine Sanaa, na kila moja inadai kibali kiombwe kwake. Meli ya ukarabati haiingii kwenye maji yenye makombora bila kibali na bila bima. Kwa hiyo muda wa huduma yetu kurejea, namba ambayo wenzangu wanapenda kuiweka kwenye jedwali kwa saa na dakika, ulikuwa mikononi mwa mawakili wa bima na makamanda wa Sanaa. Ndiyo sababu nataka mtu katika timu yangu ambaye kazi yake ni kusoma habari za bahari kila asubuhi. Nimelisema hili mara nyingi kwenye vikao na nitaendelea kulisema.

Baada ya sala ya Ijumaa tulikwenda Miritini kupanda treni ya mchana. Naandika haya tukivuka Tsavo, jua linashuka upande wa Voi, abiria wa pembeni wanamwonyesha mtoto tembo.

Tiketi hizi nazo zina historia yake. Mwisho wa Julai 2023 jukwaa la eCitizen, linalobeba huduma zaidi ya 5,000 za serikali ya Kenya, lilizidiwa na mafuriko ya maombi ya uongo. Watu wakakwama kununua tiketi za treni, wengine umeme, wengine viza. Waliojitangaza ni Anonymous Sudan, na sababu waliyoitoa ilikuwa Kenya kuingilia mambo ya Sudan. Oktoba 2024 Marekani ikawafungulia mashtaka ndugu wawili Wasudani. Mama anayetoka Voi kwenda kumwona mgonjwa Nairobi anakosa tiketi kwa sababu ya vita vya Khartoum. Hakuna mkongo uliokatika siku ile. Ni mlango mmoja tena, safari hii wa programu.

Jumamosi, 21 Juni. Nairobi

Leo nimekaa na mhandisi mstaafu aliyeishuhudia KIXP ikizaliwa, yaani kituo ambacho watoa huduma wa intaneti wa Kenya hubadilishana data zao bila kuipeleka nje. Tulikunywa chai Westlands mpaka ikawa mchana.

Kituo kilianza mwishoni mwa mwaka 2000. Wakati huo barua pepe kutoka Ngong Road kwenda Moi Avenue ilipanda setilaiti, ikaenda ng'ambo, ikarudi. Kikadumu wiki mbili hivi, kisha mdhibiti akaamuru kifungwe kwa kuwa hakina leseni. Kilirudi baada ya mabishano ya zaidi ya mwaka. "Tulikuwa na swichi moja na kabati moja," alisema. "Kelele zilikuwa kubwa kuliko mitambo." Utafiti uliotolewa 2012 ulikuta muda wa data kwenda na kurudi ndani ya nchi ulishuka kutoka milisekunde 200 hadi 600 mpaka kati ya 2 na 10, na watoa huduma walikuwa wanaokoa karibu dola milioni 1.44 kwa mwaka. Kufikia 2020 sehemu ya data inayopatikana humuhumu ilikuwa imepanda kutoka asilimia 30 hadi 70. Hiyo ndiyo sababu nyingine Kenya ilisimama Mei 2024. TEAMS ilisaidia kwenda nje. Lakini asilimia kubwa haikuwa na haja ya kwenda nje.

Nilimuuliza kuhusu M-Pesa. Ilianza Machi 2007, na kwa miaka kadhaa seva zake zilikuwa Ujerumani. Mkenya akimtumia mama yake fedha Kisii, hesabu ilipigwa Ulaya. Zilihamishiwa Kenya 2015. "Watu waliona ni suala la kasi," akasema. "Mimi niliona ni suala la nani ana ufunguo wa chumba."

Hatukukubaliana kila kitu. Yeye anaamini setilaiti mpya zitatuondolea shida, na Starlink ipo Kenya tangu Julai 2023. Mimi naikubali kwa zahanati ya Turkana na kwa meneja wangu wa zamu. Siikubali kama msingi wa malipo ya taifa, kwa sababu ufunguo wa chumba hicho anao mtu mmoja, na yuko mbali kuliko Frankfurt.

Akanikumbusha pia kwamba kuwa nyumbani peke yake hakutoshi. Julai 19, 2024 kampuni moja ya programu za ulinzi, CrowdStrike, ilisambaza faili yenye kasoro kwa mashine zote kwa mpigo, na kompyuta milioni 8.5 za Windows zikaanguka siku hiyohiyo, viwanja vya ndege, hospitali, benki. Seva ingekuwa Dar, Nairobi au London, ilianguka tu. Waliowahi kusimama ni wale waliokuwa na watu wa kutosha wa kwenda kwenye mashine moja moja na kuiwasha kwa mkono. Watu wa kutosha! Tunahesabu seva za akiba, hatuhesabu mafundi wa akiba. Mhandisi wangu alikuwa anaandika kwa kasi, na nadhani ombi la nyongeza ya timu yake litanifikia kabla ya Jumatano. Nitalipitisha.

Jumapili, 22 Juni. Uwanja wa ndege

Televisheni zote za ukumbini zinaonyesha kitu kimoja: usiku Marekani imepiga vituo vya nyuklia vya Iran, Fordow, Natanz na Isfahan. Watu wamesimama na mizigo yao wanatazama juu. Mtangazaji anasema Mlango wa Hormuz huenda ukafungwa. Mhandisi ameuliza swali ambalo sasa ni la kazi kama mengine: Fujairah iko ndani ya mlango au nje? Iko nje, kwenye Ghuba ya Oman. Lakini meli ya ukarabati haitakwenda huko wiki hii, hilo nina hakika.

Mpango wa bodi nimeuandika hapa kwenye kiti, na ni mfupi kuliko walivyotarajia. Kila huduma itaandikiwa vitu vyote inavyovitegemea, mpaka cha mwisho, pamoja na nchi kilipo. Malipo ya ndani ya nchi yataweza kukamilika bila kugusa bahari. Njia ya nje ikipotea, miamala midogo itakaguliwa kwa kanuni zetu wenyewe zilizoko Dar, na mikubwa itasubiri kwenye foleni huku mteja akiambiwa ukweli kwamba inasubiri. Sasisho za programu zitaingia kwa mafungu.

Nimempigia mkuu wa uendeshaji kabla ya kuitwa kupanda ndege. Zoezi la kwanza tumelipanga Jumapili ya mwisho ya Julai, saa nane usiku, saa ambayo miamala ni michache. Tutazima njia zetu zote za nje kwa dakika arobaini na tano, kwa mikono yetu wenyewe. Wakala mmoja wa Kariakoo na mwingine wa Mwanza wamekubali kukesha wakitumiana fedha. Nimeomba apatikane na wa Muheza. Kampuni ya kukagua ulaghai itapata barua kesho asubuhi: ilete seva Dar kabla ya Desemba, au tutafute mwingine.